Lacor, Novemba 2000: siku wauguzi walipotaka hospitali ifungwe

Mwishoni mwa Novemba 2000 wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, walikusanyika katika ukumbi wa shule ya wauguzi badala ya kwenda wodini. Ndani ya siku moja na usiku wake Ebola ilikuwa imeua watu saba hospitalini hapo, na watatu kati yao walikuwa watumishi wenzao. Walichodai kilikuwa kimoja: hospitali ifungwe.

Mganga mfawidhi, Dkt. Matthew Lukwiya, alikwenda kuwasikiliza. Mkutano ulichukua saa kadhaa. Ulipokwisha walirudi kazini. Siku chache baadaye yeye mwenyewe alianza kuugua homa, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba akafariki.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo kweli. Ila masimulizi hayo hupita haraka pale ambapo mimi ningependa tusimame: hali ya akili ya watu waliokuwa ukumbini, na ya mtu aliyesimama mbele yao. Nimeisoma habari ya Lacor mara nyingi, na kila mara naona jambo lilelile. Hofu, msiba na kukosa usingizi havikukaa kando ya mapambano dhidi ya virusi vikisubiri kushughulikiwa baadaye. Vilikuwa mlango ambao virusi vilipitia.

Hospitali iliyokwisha kuzoea hatari

Lacor ilianzishwa na Wamisionari wa Komboni mwaka 1959. Kuanzia 1961 ilijengwa na kuongozwa na Piero Corti, daktari Mwitaliano wa watoto, pamoja na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Teasdale aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwa anafanya upasuaji, akaendelea na kazi kwa miaka, akafariki mwaka 1996. Alizikwa palepale hospitalini. Kwa hiyo hata kabla ya Ebola, mtumishi wa Lacor alikuwa akipita kila siku mbele ya kaburi lililomwambia kazi hii inaweza kumfikisha wapi, na kwamba anayefikishwa huko huheshimiwa.

Halafu kulikuwa na vita. Waasi wa Lord's Resistance Army walikuwa wakiteka watoto, wakiua na kuchoma vijiji, na maelfu ya Waacholi, wenyeji wa eneo hilo, waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi waliingia hospitalini kutafuta watu wa kuteka. Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye, na akakaa nao msituni wiki nzima.

Nayataja haya kwa sababu mtu anaweza kudhani kwamba watumishi waliokwisha kuishi na bunduki wangekuwa na moyo mgumu mbele ya ugonjwa. Hofu haifanyi kazi hivyo. Bunduki zilipolia, watu walikimbilia hospitalini. Ukuta wa Lacor ulikuwa ndio kimbilio. Ebola iligeuza kila kitu. Mahali pa kukimbilia pakawa ndipo hatari inapotoka, na aliyezoea kuwa mlinzi akawa ndiye anayeogopwa.

Oktoba: waliojitolea

Oktoba ilipoanza, Lukwiya alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere. Tarehe 7 alipigiwa simu: kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa uuguzi wamekwisha kufa. Akarudi. Usiku ule yeye na Sista Maria Di Santo walikesha wakipitia mafaili ya wagonjwa, wakakuta kesi 17 zinazofanana. Aliipigia Wizara ya Afya moja kwa moja. Majibu ya maabara yalipotoka Afrika Kusini katikati ya mwezi na kuthibitisha Ebola ya aina ya Sudan, Lacor ilikuwa tayari imefungua wodi ya kutengea wagonjwa kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wataalamu kutoka nje walifika wakakuta kazi imekwisha kuanza.

Wodi hiyo iliendeshwa na watu waliojitolea. Hilo lilikuwa jambo jema kwa maana zaidi ya moja, kwa sababu mtu aliyechagua mwenyewe kuingia hatarini huivumilia vizuri kuliko aliyepangiwa. Kuwa na neno katika jambo linalokupata ni kinga ya akili, ingawa haiuzwi kwenye boksi.

Lakini kujitolea kuna kasoro inayosahaulika. Aliyesema "nipo" katikati ya Oktoba, akidhani ni kazi ya wiki mbili, si mtu yuleyule wa mwisho wa Novemba aliyekwisha kuwasitiri marafiki. Alikubali jambo moja, akajikuta ndani ya jingine. Wodi ya namna hii isipokuwa na siku maalumu ambapo kila mtu anaulizwa upya, "bado uko tayari?", na jibu la "hapana" likapokelewa bila jicho baya, kujitolea kunageuka polepole kuwa kifungo. Naye hatasema, kwa kuwa atakayechukua nafasi yake ni rafiki yake.

Vifaa vilikuwapo, na bado waliambukizwa

Hapa pana takwimu ambayo ningependa kila msimamizi wa hospitali aijue. Katika hesabu iliyotolewa mapema mwaka 2001, kati ya wahudumu wa afya 22 walioambukizwa Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi za kutengea wagonjwa kufunguliwa. Yaani karibu theluthi mbili waliupata ugonjwa wakati tayari unajulikana jina, mwongozo upo, na glavu, gauni na barakoa vinavaliwa.

Maelezo ya haraka ni kwamba walizembea. Mimi siyakubali. Kuvaa mavazi kinga vizuri ni kazi ya akili kabla ya kuwa kazi ya mikono. Unahitaji kukumbuka mpangilio, kutambua kosa lako mwenyewe, kuvumilia joto bila kugusa uso, na mwisho kuyavua polepole wakati mwili mzima unapiga kelele utoke. Uwezo huo wa kujiangalia ndio wa kwanza kupotea mtu anapokosa usingizi. Msiba nao unaupunguza. Hofu huanza kwa kuuongeza, ikikaa sana inaula.

Na wagonjwa hawakuwa wageni. Kumhudumia mtu usiyemjua ni tofauti na kumhudumia uliyekaa naye darasani, ambaye wiki iliyopita mlipokezana zamu. Kwa mgonjwa huyo mkono huenda mbele kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Ukijizuia, unabaki na jeraha la aina nyingine, lile la kujua lililo sawa kufanya na kuzuiwa kulifanya. Wataalamu huliita jeraha la kimaadili. Nesi aliyefundishwa kwamba mgonjwa anayekufa hushikwa mkono, akamwacha mwenzake afe bila kuguswa na ngozi ya mtu, hakosi usingizi kwa sababu ya woga. Anakosa usingizi kwa sababu anadhani ametenda kosa.

Kisha kuna mwili wake mwenyewe. Ebola huanza kwa homa, kuumwa kichwa, uchovu na viungo kuuma. Malaria huanza vivyo hivyo, na Gulu ni eneo la malaria. Dalili huweza kuchukua kuanzia siku 2 hadi 21 kujitokeza. Hebu fikiria nesi anayeamka na kichwa kizito baada ya zamu ya usiku. Anajua mno. Anahesabu siku kurudi nyuma, anatafuta ni lini glavu ilichanika. Akisema, atatengwa na wenzake watapungukiwa mtu. Akinyamaza, anaweza kuwaua. Wasiwasi huu hauhitaji kutafutiwa jina la ugonjwa wa akili. Mtu mwenye akili timamu aliyewekwa mahali pale angeupata.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Wanaanthropolojia waliozungumza na wauguzi wa Gulu, na wa milipuko mingine ya Afrika ya Kati, waliandika juu ya kutengwa: na majirani, na wafanyakazi wenzao, hata na familia. Ni rahisi kuuita ujinga, lakini Waacholi wana neno *gemo* kwa janga linalokuja ghafla na kuua wengi, na gemo ina kanuni zake za zamani: nyumba yenye mgonjwa iwekewe alama, watu wapunguze kutembeleana, anayeingia kuhudumia awe aliyekwisha kupona. Kanuni nzuri sana. Wataalamu wa milipuko wangeweza kuziandika wao. Ila kwa kanuni hizohizo nesi ni mtu anayetoka kila siku katika nyumba ya gemo. Jamii ilikuwa ikijilinda kwa akili, na aliyelipa ni yeye.

Alfajiri ya tarehe 20 Novemba

Alfajiri hiyo muuguzi aliyekuwa amelazwa na Ebola alichanganyikiwa akili, kama inavyowapata wagonjwa wengine mwishoni. Alikuwa akihangaika, akikohoa na kutoka damu, akainuka kitandani. Wauguzi wa zamu ya usiku waliogopa, na ni nani asingeogopa? Wakamwita Lukwiya, aliyekuwa akiishi jirani na hospitali. Akaamka, akavaa gauni, barakoa na glavu, akaingia kumtuliza na kumsafisha. Hakuvaa miwani ya kinga. Muuguzi yule alifariki asubuhi hiyo.

Inaaminika kwamba hapo ndipo Lukwiya alipoambukizwa.

Huyu ndiye aliyeutambua ugonjwa, aliyeufundisha mwongozo, aliyewakumbusha wengine kila siku. Baada ya wiki sita za kazi isiyo na kikomo aliamshwa gizani kwa ajili ya mtumishi wake anayekufa, akasahau au akaacha kifaa kimoja. Kila nikifika hapa najiuliza swali lisilo la kishujaa hata kidogo: kwa nini ni yeye aliyeitwa? Hospitali nzima ilikuwa imejifunza kwamba hofu ikizidi, unamwita Daktari Matthew. Alikuwa ndiye dawa ya wasiwasi ya kila mtu. Mtu mmoja akiwa ndiye mfumo mzima wa msaada wa kisaikolojia, analala lini? Na yeye akiogopa, anamwita nani?

Ndani ya ukumbi

Siku chache baada ya alfajiri ile ndipo wauguzi walipokusanyika. Kwa hesabu ya siku, virusi vilikuwa tayari mwilini mwa mtu waliyekuja kumweleza hofu yao.

Yanayosimuliwa kuhusu mkutano huo ni haya kwa ufupi. Wauguzi walizungumza kwa uchungu. Lukwiya aliwasikiliza, kisha akasema kwamba anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Aliwakumbusha mwaka 1989. Akasema pia kwamba hospitali ikifungwa, ataondoka Gulu na hatarudi tena. Mkutano ulikwisha kwa nyimbo, na watu wakarudi wodini.

Baadhi ya aliyoyafanya pale yanalingana kabisa na yanayojulikana leo kuhusu kuwasaidia watu walio ndani ya janga. Hakuwaambia wasiogope, wala hakukanusha hatari. Aliacha msiba usemwe kwa sauti mbele ya watu wote, jambo ambalo mazishi ya haraka ya Ebola huwanyima wafiwa. Na alikuwa msemaji anayeaminika, kwa kuwa kila mtu ukumbini alijua ameingia wodini mara ngapi. Neno la kutia moyo likitoka kwa mtu asiyewahi kuvaa gauni huchukiza, na kila aliyefanya kazi wodini wakati wa mlipuko anamkumbuka angalau mmoja wa aina hiyo.

Lakini lile neno la kuondoka asirudi tena linanisumbua. Kwa watu waliompenda vile, hilo halikuwa chaguo, lilikuwa mzigo. Mlango uliachwa wazi, na wakati huohuo atakayetoka ataonekana kuwa ndiye aliyemfukuza Daktari Matthew Gulu. Simlaumu, hospitali ikifungwa wagonjwa wa Ebola wangesambaa vijijini na kambini, na alilijua hilo kuliko yeyote. Ninachosema ni kwamba kuwarudisha watu kazini kwa nguvu ya hatia huacha deni, na deni hilo huja kudaiwa baadaye, wakati wapiga picha wameondoka. Mtu aliyebaki kwa hatia, kisha akamwona aliyembakiza akifa, anabaki na swali ambalo hakuna ukumbi wa kulijibu.

Ningetamani kujua zaidi kuhusu siku iliyofuata baada ya mkutano ule kuliko kuhusu hotuba. Je, zamu zilifupishwa? Nani alipewa siku mbili za kulala? Masimulizi ya ushujaa hayahifadhi ratiba za kazi, ingawa ratiba ndiyo iliyokuwa ikiamua nani aingie wodini akiwa na akili yake kamili.

Toronto na Mubende

Kuna mfano mmoja wa mbali unaosaidia kulipima hili, kwa kuwa ulifuatiliwa kwa hesabu. Baada ya mlipuko wa mwaka 2003 wa SARS, ugonjwa mkali wa kuambukiza wa njia ya hewa, watafiti waliwapima wafanyakazi wa hospitali za Toronto, Kanada, zilizohudumia wagonjwa wa SARS, kati ya mwaka mmoja na miwili baadaye, wakawalinganisha na wenzao wa Hamilton ambako wagonjwa hao hawakuwapo. Uchovu mkubwa wa kazi uliwapata takriban asilimia 30 Toronto, dhidi ya asilimia 19 Hamilton. Dhiki ya kisaikolojia ilikuwa karibu asilimia 45 dhidi ya 30. Wa Toronto walikuwa pia wamepunguza saa za kukaa na wagonjwa, na wengi zaidi walikuwa wameongeza sigara au pombe. Na hiyo ni nchi yenye fedha, isiyo na vita, miezi mingi baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka.

Kilichowalinda baadhi yao ndicho kinachonivutia zaidi. Waliohisi kwamba walifundishwa vya kutosha, walikingwa vya kutosha na waliungwa mkono na waajiri wao, walitoka na majeraha madogo. Yaani sehemu kubwa ya afya ya akili ilikuwa ikiamuliwa kwenye stoo ya vifaa, kwenye chumba cha mafunzo na kwenye ofisi ya msimamizi.

Ndiyo maana sina imani na ile dawa inayopendwa na wakubwa, ya kuwakusanya watu mara moja baada ya tukio baya na kuwataka wasimulie kila kitu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo, kwa kuwa hakizuii kiwewe cha baadaye. Linachopendekeza, huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ni kitu cha kawaida mno: kumhakikishia mtu usalama, kumpa mahitaji yake, kumsikiliza bila kumlazimisha aseme, kumuunganisha na watu wake. Ukiitafsiri kwa wodi ya Ebola, inakuwa maji ya kunywa, zamu fupi, mtu wa pili anayekutazama ukivaa na ukivua, gari la kukurudisha nyumbani, na anayekwenda kuzungumza na jirani zako kabla hawajakufungia mlango.

Yule mtu wa pili ndiye ambaye ningemtaka alfajiri ya tarehe 20. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kusema: daktari, miwani. Siku hizi vituo vingi vya Ebola vina msimamizi wa namna hiyo, na huhesabiwa kuwa hatua ya kuzuia maambukizi. Mimi namhesabu pia kuwa hatua ya afya ya akili, kwa sababu yupo kwa kuwa tunakubali kwamba mtu mwema, mwenye ujuzi na ari, akichoka na kuhuzunika husahau.

Ebola ya aina ileile ya Sudan ilirudi Uganda Septemba 2022, safari hii ikianzia Mubende. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafariki. Siku za mwanzo madaktari wanagenzi wa hospitali ya Mubende waligoma wakidai vifaa na usalama, na wapo waliowaita waoga. Niliposikia nilikumbuka ukumbi wa Lacor. Mgomo wa aina hii ni dalili kama homa. Unaweza kuushusha kwa hotuba, na kilichouleta kikabaki palepale.

Baada ya tarehe 5 Desemba

Lukwiya alizikwa siku hiyohiyo aliyofariki, kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Waliomzika walivaa mavazi kinga, na waliokuja kumuaga, wakiwemo watumishi wake, walisimama mbali. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 27 Februari 2001, ukiwa umewapata watu 425 na kuua 224, kuanzia Gulu hadi Masindi na Mbarara. Lacor peke yake ilipoteza watumishi zaidi ya kumi.

Vitabu vya kiwewe huandika juu ya kipindi cha "baada ya", pale hatari inapokwisha na akili kuanza kujirekebisha. Wauguzi wa Lacor hawakukipata. Vita viliendelea. Katika miaka iliyofuata, kila jioni watoto kwa maelfu walitembea kutoka vijijini ili wasitekwe usiku, wakaingia kwenye uwanja wa hospitali na kulala chini, safu kwa safu. Nesi wa zamu ya usiku aliyewazika wenzake mwaka 2000 alipita katikati yao kwenda wodini, akiangalia asije akamkanyaga mtu.